Karata ya Nyumba ya Mungu

Madamu aliondoka kwa ndege mwisho wa mwezi wa pili, mwaka wa tisini na tano. Aliniachia sufuria yenye mfuniko wa kioo, makoti mawili ya baridi ambayo Bujumbura hayana kazi, na mkebe wa biskuti uliokuwa na karata zake ndani. Hazikuwa karata za kuchezea. Kwa miaka mitatu niliyomfanyia kazi kule Kiriri, kila asubuhi nilimkuta barazani na kahawa yake, anazichanganya polepole, anachomoa moja, anaiegemeza kwenye kikombe, anaitazama kidogo, halafu anaendelea na siku. Nilipokwenda kuondoa kikombe niliitazama na mimi. Sikuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza. Nangoja kitu kijieleze chenyewe.

Siku ya kufunga masanduku ndipo aliponifundisha, labda dakika tano, kwa Kifaransa cha haraka na Kiswahili chake cha jikoni. Karata moja kwa siku. Asubuhi, kabla hujasema na mtu. Uandike jina lake kwenye kaye, daftari la shule, na jioni uandike siku ilivyokwenda. Usitabiri kitu, ngoja jioni. Baada ya mwaka utaanza kuzijua. Na usimchomolee mtu mwingine kabla hujazijua. Hilo la mwisho alilisema mara mbili, kidole juu, kama alivyofanya aliponikataza kuosha kisu chake kizuri kwa mchanga.

Nilikuwa nimepanga chumba cha nyuma katika rugo moja, boma lenye ua na lango moja, huko Bwiza. Rugo lilikuwa la Sylvère, fundi wa kuchomelea vyuma, na mkewe Léoncie, ambaye sote tulimwita Mama Laure kwa jina la mtoto wao. Chumba cha kando kilikuwa cha Ernestine, mama wa Uvira anayeuza vitenge. Basi hao ndio watu wa rugo letu.

Nilianza siku ya kwanza ya mwezi wa tatu. Niliamka kabla ya foleni ya maji, nikatandika kitambaa safi juu ya kigoda, nikachanganya karata. Zilikuwa kubwa kuliko kiganja changu, zikawa zinaniponyoka. Iliyotoka nikaiandika: Le Soleil. Kaye yangu ya kwanza inasema hivi: «Le Soleil. Jua. Jioni: maji hayakutoka robineti tangu saa nne.» Siku ya pili: «L'Empereur. Mfalme. Jioni: askari waliuliza vitambulisho mara mbili njiani.» Siku ya tano: «La Lune. Mwezi. Jioni: wametangaza ville morte kesho, maduka yote kufungwa, hakuna kutoka.»

Nilisoma mpaka darasa la sita, nikaanguka mtihani. Shuleni kwetu miaka ya kwanza ilikuwa Kirundi, Kifaransa kilikuja baadaye, kwa hiyo changu ni cha miaka miwili na cha kusikiliza jikoni. Namba za karata zimeandikwa kama zile za Njia ya Msalaba ukutani kanisani, na vituo vya msalaba mwisho wake ni kumi na nne. Kupita hapo nilihesabu kwa vidole. Ile ya kumi na tatu haina jina kabisa. Siku ilipotoka hiyo niliandika tu «isiyo na jina», na nilikaa ndani.

Kosa langu lilikuwa moja, na nililifanya kila siku bila kujua. Nilisoma maneno nikaacha picha. Mwalimu wetu alitufundisha hivyo: picha ni za darasa la kwanza, mtu akishajua kusoma anasoma herufi. Akikukamata unatazama picha kabla ya kusoma anakupiga rula. Basi nilisoma herufi za chini, nikatafuta maana yake kwa Kiswahili, nikafunga mkebe.

Ernestine ndiye alinigundua kwanza. Alipita mlangoni na ndoo, akasimama.

«We Dévote, hiyo karata yako inajua kama bwana yangu anakuya kutoka Uvira, ao amepata mwanamuke mwingine?»

Nilimwambia karata zinasema habari ya siku, hazisemi habari ya mtu.

«Basi ziambie zimwambie arudishe sufuria yangu,» akasema. «Yeye anaweza kubaki.»

Mama Laure alicheka mpaka akaweka ufagio chini. Alikuwa mtu wa kucheka na mwili mzima. Tangu siku ile wakawa wananiuliza asubuhi, karata gani leo, kama mtu anavyouliza kama umelala vizuri. Nikawa nasema jina tu. Siku ya Le Soleil Ernestine anajaza ndoo zote. Siku ya L'Empereur Sylvère anahakikisha kitambulisho kiko mfukoni. Walikuwa wanafanya mzaha, lakini walijaza ndoo kweli, na kitambulisho alikitafuta kweli. Mwezi ule mitaa ilikuwa inagawanyika kwa kabila, na kila mtu alihitaji kitu cha kumwambia atoke au asitoke. Redio ilisema yake, watu wa kwenye kona walisema yao, na majirani wa avenyu ya pili walikuwa wanaondoka mmoja mmoja bila kuaga, magodoro kichwani.

Jumamosi moja Sylvère alikwenda Carama kumchukua mama yake. Mzee alikuwa peke yake huko, pembeni ya mashamba, na milio ya risasi ilikuwa inasikika upande wa Kinama tangu Alhamisi. Alivaa shati lake la bluu la kazi, lile lenye tundu ndogo ndogo mikononi kwa sababu ya cheche za kuchomelea. Karata ya siku ile ilikuwa Le Chariot, gari. Nilipoitaja akasema vizuri, basi nitapata gari. Saa nane mchana barabara ya kaskazini ilifungwa. Hakurudi siku ile, wala Jumapili.

Jumatatu Mama Laure alikwenda kuuliza. Alianzia brigade, kituo cha askari, wakamwambia hawana mtu wa jina hilo. Akaenda hospitali. Huko hawakumruhusu kupita vyumbani. Karani aliinamisha kichwa juu ya kitabu kikubwa, akapitisha kidole, akasema hakuna Sylvère. Jumanne alirudi tena, kidole kikapita tena. Ukiuliza sana siku zile, watu walianza kukuuliza wewe: unamtafutia nini, anatoka wapi, nyinyi ni watu wa wapi. Jumatano akaacha kutoka. Alikaa kwenye kizingiti, uso kwenye lango, na kila mtu aliyegusa lango alimwinua.

Ijumaa asubuhi nilitandika kitambaa changu. Nilipoinua macho alikuwa amesimama mlangoni, hajafunga kichwa, hajaosha uso.

Alinisihi. Aliniambia amesikia Madamu alikataza, lakini Madamu yuko kwao, analala. Alisema hataki mengi. Anataka kujua mumewe yuko wapi, basi, hata kama ni pabaya, maana miguu yake imechoka kukimbilia lango.

Ningeweza kumwambia sizijui bado. Ilikuwa kweli, nilikuwa na wiki tatu tu. Lakini alikuwa amenipa chumba nilipokosa kazi, na alikuwa ananitazama kama mtu anavyomtazama daktari. Nikachanganya. Nikamwambia achomoe mwenyewe, nikadhani kwa njia hiyo si mimi ninayemchomolea.

Alichomoa, akanipa bila kuitazama. Nikahesabu vidole: kumi na sita. Nikasoma chini.

«La Maison Dieu,» nikasema. «Nyumba ya Mungu.»

Sikusema neno lingine. Nimejiapia mara nyingi kwamba sikusema neno lingine. Maison ni nyumba, hata mtoto wa darasa la tano anajua. Dieu ni Mungu. Mama Laure alilirudia polepole.

«Iko kwa nyumba ya Mungu,» akasema, akakaa chini palepale, kwenye udongo.

Ernestine alitoka chumbani kwake, akaona, akaweka mikono kichwani. Hakuna aliyesema amekufa. Kwetu ukisikia mtu yuko nyumbani kwa Mungu huulizi tena. Niliona neno linatoka kinywani mwangu na maana moja na kuingia masikioni mwao na nyingine, na nilikuwa na muda wa kulirudisha. Mimi mwenyewe nilianza kulisikia kama wao walivyolisikia. Na iko kitu kingine, sitakificha: niliona karata imesema, imejibu swali la mtu sawasawa, na kwa kitambo kidogo nilifurahi.

Jumamosi wakaanza kuja watu wa kilio. Walitandika mikeka uani, wanaume wakakaa nje kwenye benchi za kukopa. Hakukuwa na maiti, lakini mwaka ule misiba mingi ilikuwa hivyo, na watu walijua namna ya kulia bila maiti. Mzee mmoja wa kanisa alisali. Mama Laure alifungwa kitambaa cheusi kichwani. Alilia siku moja, halafu akalala usingizi wa kweli, wa kwanza tangu mumewe aondoke, na Ernestine akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nimemsaidia.

Mimi waliniweka langoni, nipokee watu. Jumatatu mchana alikuja mwanamume ambaye hakuna aliyemjua. Mfupi, shati limetoka rangi, na miguuni bote nyeupe za plastiki. Nilizitazama zile bote. Nilifikiri labda ni mchinja nyama. Hakuingia. Aliniita pembeni, akauliza kwa sauti ya kunong'ona kama hapa ni kwa Sylvère, yule mwenye kuchomelea.

Nikamjibu ndiyo, ni hapa.

«Na mnalia nani?»

«Tunamlilia yeye.»

Akatazama mikeka, benchi, kitambaa cheusi cha Mama Laure.

«Muna hakika?»

«Tuna hakika.»

«Mulimuzika?»

Nikamwambia mwili haukuonekana, lakini imejulikana. Akauliza nani alijua. Hapo niliona haya kusema karata mbele ya mtu mgeni. Nikasema tu tena, imejulikana. Nilimpa bia, akainywa nusu akiwa amesimama, akanirudishia chupa. Alikuwa kama mtu aliyekasirika, lakini siyo na mimi. Akaenda zake.

Jumanne ilipita. Jumatano asubuhi wageni walikuwa wamepungua, nikarudi kwenye kigoda changu. Nilifungua kaye, nikaona ukurasa wa Ijumaa: jina la karata liko, lakini mbele ya neno «jioni» hakuna kitu. Siku ile sikuandika. Nikaitoa karata kwenye mkebe ili ninakili jina vizuri, maana nilikuwa na shaka na herufi moja. Na kwa kuwa herufi zile nilizijua tayari, jicho likapanda juu, kwenye picha.

Hakukuwa na kanisa. Hakukuwa na msalaba wala malaika. Kulikuwa na nyumba ndefu kama mnara, moto unatoka juu unaupiga, kichwa cha mnara kimeng'oka. Watu wawili wanaanguka, vichwa chini. Niliwatazama kwa muda mrefu, jinsi nilivyozoea kutazama vitu vya nyumba za watu. Mikono yao imegusa ardhi. Macho yao yako wazi.

Yesu anaanguka mara tatu kwenye ule ukuta wa kanisa, na mara zote tatu bado yu hai. Nilifikiri hivyo. Mtu aliyechorwa anaanguka, macho wazi, hajafika popote bado.

Sikumwambia mtu. Niliandika yale maneno matatu kwenye karatasi, nikaenda mjini kwa Cirimwami. Huyu alikuwa Mkongomani wa Bukavu aliyewaandikia watu barua kwa mashine karibu na soko kuu. Alikaa seminari miaka miwili kabla ya kufukuzwa, na alikuwa na kamusi kubwa isiyo na jalada. Nilimuuliza kama La Maison Dieu ni mbinguni.

Alitazama karatasi, akanitazama mimi.

«Nani alikudanganya? Mbinguni ni ciel. Kanisa ni église. We ulisoma wapi?»

Nikamwambia Kayanza, mpaka la sita.

«Inaonekana,» akasema, lakini alikuwa ameshafungua kamusi. Alitafuta mahali pamoja, akatafuta pengine, akapitisha kidole kama yule karani. Halafu akanielezea, na sasa alikuwa anaeleza vizuri, kwa sababu alipenda kujua vitu. Ni neno la zamani sana, alisema. Zamani kule kwa Wafaransa wagonjwa wasio na mtu, maskini, watu waliookotwa njiani, waliwekwa kwenye nyumba za watawa. Nyumba hizo waliziita maison-Dieu, au hôtel-Dieu.

«Ni hospitali,» akasema. «Hapo hakuna kitu cha mbinguni. Ni hospitali tu.»

Kutoka pale mpaka hospitali nilitembea, sikukumbuka kupanda minibasi. Njiani nilifikiria zile bote nyeupe. Kila hospitali niliyowahi kuingia, mtu anayeosha sakafu huvaa bote kama zile. Nilikuwa nimezitazama Jumatatu mpaka nikahesabu viraka vyake, na sikuona kitu.

Kwa karani sikusimama. Nilinunua uji kwa mama mmoja wa nje, nikaingia na kikombe mkononi kama watu wanaoleta chakula, na hakuna aliyenizuia. Chumba cha wanaume kilikuwa na vitanda vilivyopangwa viwili viwili. Nilitembea nikitazama nyuso. Kitanda cha tisa karibu na dirisha kilikuwa kitupu, godoro limepinduliwa.

Pembeni ya kitanda cha nane alikaa mwanamke anampepea mumewe na kipande cha katoni. Jina lake aliniambia ni Sephora. Niliuliza nani alilala hapa.

Alinipima kwanza kwa macho. Halafu akasema: mutu mumoja aliyeletwa na pikapu Jumamosi ya juu, siyo hii iliyopita, amepigwa kichwani na mbavuni, bila karatasi hata moja. Kwenye kitabu walimuandika Inconnu, asiyejulikana. Siku sita hakusema. Hakuwa na mtu wa kumpikia wala kumfulia, kwa hiyo yeye Sephora alimgawia uji wa mumewe, akamfulia na nguo. Jumamosi iliyopita akafungua macho, akaanza kusema. Akasema anaitwa Sylvère. Akasema ana mke Bwiza, na mtoto, na akataja avenyu.

Nilishika chuma cha kitanda.

Alisema walimtuma Moïse, yule anayeosha sakafu, kwa sababu naye anakaa Bwiza. Walimwambia aende taratibu, asiseme mbele ya watu wengi kwamba mtu yuko huku, maana hujui nani anasikiliza. Moïse alirudi na hasira. Akasema walimtuma kwenye msiba wa watu. Mwenye jina hilo amekufa, wanamlilia, ameuliza mara tatu na mtu wa langoni amejibu mara tatu.

«Tukamuuliza huyu mugonjwa: we nani basi?» Sephora akasema. «Akasema ni mimi, ni Sylvère. Akalia. Muforoma anayetoa dawa akasema huyu kichwa kimeharibika, ameokota jina la mutu.»

Jumanne mchana walikuja wanaume watatu na gari, wamevaa vizuri. Walisema wanatafuta ndugu yao ambaye hana jina kwenye kitabu. Walipofika kitandani wakasema ndiye huyu. Sylvère alishika dirisha. Alisema yeye hawajui watu hawa, alisema mke wake yuko Bwiza, mumuite mke wangu. Muforoma akaangalia Moïse, Moïse akaangalia chini. Mmoja wa wale wanaume akacheka kidogo, akasema ugonjwa wa kichwa ni mbaya. Wakambeba.

«Ungekuya jana,» Sephora akaniambia. Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayetaja siku.

Akavuta mfuko wa plastiki kutoka chini ya kitanda cha mumewe. Wale watu hawakuuchukua, alisema, hawakutaka hata kuutazama, na hapo ndipo alipojua si ndugu. Akanipa. Ndani mlikuwa na bakuli la bati na shati la bluu.

Nilifika nyumbani saa kumi. Mikeka ilikuwa imekunjwa. Ernestine alikuwa amekwenda kurudisha benchi. Mama Laure alikuwa anafagia uani, kitambaa cheusi kichwani, na aliponiona alisimama, akaniuliza kwa upole nilikuwa wapi, na karata ya leo ni ipi, maana asubuhi sikuitaja. Sauti yake ilikuwa imerudi. Alikuwa ameanza kuwa mjane, kidogo kidogo, na alikuwa anaweza.

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Yalikuwa mazuri, yanaanza mbali. Nilimpa mfuko.

Aliweka ufagio chini. Alitoa bakuli, akaliweka juu ya kizingiti. Akatoa shati, akalikunjua. Alipitisha vidole mikononi mwa shati mpaka akazipata zile tundu za cheche, moja moja, akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ni lenyewe. Nilifikiri atalia. Lakini alilileta karibu na uso kulinusa, kama wanawake wanavyofanya na nguo ya mtu aliyekwenda, na akakaa hivyo, shati usoni, muda mrefu kuliko wa kunusa.

Alipolishusha macho yake yalikuwa mengine. Aligeuza shati akatazama kola. Akatazama ubavuni, ambapo mtu alikuwa ameshona mahali palipochanika, kwa uzi mweupe. Kola ilikuwa safi. Shati lote lilikuwa safi, linanuka sabuni na jua.

«Dévote,» akasema. «Nani alifua hii shati?»